Jiko la Zamani, Fedha Kidogo: Pa Kuanzia na Pa Kuishia

Jiko la nyumba ya kawaida katika wilaya za Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, huchakazwa na vitu vitatu: maji, moshi na joto. Maji hupanda ukutani kutoka ardhini au huvuja kwenye bomba na bati. Moshi wa mkaa huacha masizi darini na kutani. Joto la Dar es Salaam, likichanganyika na unyevunyevu wa bahari, hulegeza rangi, huozesha mbao na kushikisha kutu bawaba za makabati. Rangi mpya ikipakwa juu ya matatizo hayo hupendeza kwa miezi michache, kisha ukuta hurudi ulivyokuwa na fedha zimekwenda. Ndiyo maana ukarabati wa gharama ndogo huanzia kwenye chanzo cha uchakavu, ukafuata sehemu zinazoguswa na maji, moto na mikono kila siku, na mapambo yakaja mwisho.

Majiko yenyewe

Majiko mengi ya zamani ni ya namna mbili. La kwanza ni jiko la uani, katika nyumba za Kiswahili zilizoenea Mwananyamala, Tandale, Keko na Tandika. Nyumba hizo zina vyumba vinavyotazamana, mara nyingi sita, vyenye korido katikati inayotokea uani, na huko uani ndiko kuliko na choo, bafu, stoo na jiko. Zikipangishwa chumba kimojakimoja, jiko hutumiwa na kaya kadhaa, au kila mpangaji hupikia mlangoni kwake na jiko lenyewe likageuka stoo.

La pili ni jiko la ndani, la nyumba ya familia moja. Nyumba nyingi za aina hii zilianza na mradi wa viwanja na huduma, ulioendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 1974. Mradi huo ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na katika awamu ya pili ukafika Mbagala na Tabata. Waliopata viwanja walijenga kidogokidogo kadiri ya uwezo. Majiko ya wakati ule huwa na kaunta ya zege, sinki moja, dirisha dogo na sakafu ya saruji.

Kwa kawaida kuta na kaunta za majiko ya namna zote mbili bado ni imara, kilichochoka ni tabaka la juu. Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwa sababu kinachokula fedha nyingi katika ukarabati ni kubomoa: kubomoa hudai kifusi kisombwe, saruji mpya inunuliwe, na mabomba na nyaya zihamishwe. Mwenye fedha kidogo hubakiza kila kilicho imara, na huacha sinki, bomba na jiko la kupikia pale pale vilipo.

Kukagua kabla ya kununua

Ukaguzi haugharimu kitu, na ndio unaookoa fedha kuliko hatua nyingine yoyote. Wakati mzuri wa kukagua ni siku ya mvua au siku inayofuata, kwa kuwa hapo bati linalovuja, ukuta unaonyonya maji na mtaro uliozibwa hujionyesha. Masika huwa kati ya Machi na Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo ukaguzi hufaa ufanywe masika, na kazi ya plasta na rangi ikasubiri ukavu wa Juni hadi Septemba.

Ukuta wenye doa la unyevu hupimwa kwa kipande cha nailoni. Hubandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa siku mbili. Nailoni ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, unyevu ni wa mvuke wa sufuria usio na pa kutokea, na dawa yake ni dirisha au matundu ya hewa. Kipimo hiki kidogo huamua kama fedha itakwenda kwenye plasta au kwenye hewa, na hizo ni gharama mbili zinazotofautiana sana.

Unyevu na chumvi ukutani

Nyumba nyingi za matofali ya saruji zilijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Maji ya ardhini hupanda polepole ndani ya tofali yakibeba chumvi. Yakifika juu hukauka, chumvi ikabaki nyuma ya rangi kama unga mweupe, ikavimba na kuisukuma rangi ibanduke. Alama yake ni mstari wa madoa unaofuata sakafu, ambao kwa kawaida haupandi zaidi ya mita moja.

Kosa linalorudiwa sana ni kuufunika ukuta huo kwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta hairuhusu ukuta kupumua. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi na kuharibu sehemu iliyokuwa nzima.

Tiba yake ina hatua tatu. Kwanza, maji huondolewa karibu na nyumba: udongo uliorundikana ukutani hupunguzwa, mtaro huzibuliwa, na maji ya bati huelekezwa mbali na msingi. Pili, plasta iliyoharibika hubanduliwa hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, na chumvi husuguliwa kwa brashi kavu, kwa kuwa kuiosha kwa maji huirudisha ndani ya tofali. Kisha hupigwa plasta mpya ya mchanga safi na saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Mchanga wa ufukweni haufai kabisa, kwani wenyewe una chumvi. Tatu, plasta mpya humwagiwa maji kwa siku saba ili ikomae, halafu huachwa ikauke kwa wiki nne hivi kabla ya kupakwa rangi.

Kwa ukuta ambao unyevu wake hauishi, chokaa bado ni rafiki mwema. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe, na ndiyo iliyoshikilia kuta za nyumba za mawe za Bagamoyo, Kilwa na Zanzibar. Ina bei ndogo, inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake huzuia ukungu. Udhaifu wake ni kwamba huchafua nguo na hudai kupakwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo hufaa zaidi kwa jiko la uani na sehemu za juu za ukuta.

Moshi na hewa

Masizi hayafunikwi kwa rangi ya maji. Mafuta yaliyomo huyeyuka na kutokeza tena kama madoa ya rangi ya chai. Dari na kuta huoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha husuuzwa na kuachwa zikauke. Doa linalokataa kutoka hupakwa praima ya mafuta kabla ya rangi. Ukungu mweusi hutolewa kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji. Dawa hiyo haichanganywi kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Hata hivyo, kuosha masizi bila kufungua njia ya hewa ni kazi ya bure. Mkaa hutoa moshi, na hutoa pia kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Jiko lolote linalotumia mkaa linahitaji matundu juu ya ukuta, karibu na dari, na uwazi mwingine upande wa pili ili hewa ipite. Matofali machache yakitolewa na kuwekwa ya matundu, yenye wavu wa kuzuia mbu na panya, afya ya mpishi hulindwa kuliko kwa kabati lolote jipya. Jambo hili ni la haki pia: wanaovuta moshi huo kila siku ni akina mama, wasichana wa kazi na watoto waliobebwa mgongoni.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa kaya nyingi za Dar es Salaam njia ya karibu ni mtungi wa gesi, hasa wa kilo 6 au kilo 15, na jiko linalokarabatiwa hufaa liandaliwe kwa ajili yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni. Kwa hiyo jiko la gesi linahitaji tundu la hewa chini ya ukuta, zaidi ya yale ya juu. Mtungi husimamishwa wima, mbali na moto na soketi, wala haufungiwi ndani ya kabati lisilo na matundu. Mpira wa gesi uliopasuka au kukakamaa hubadilishwa mara moja, na viungio hupimwa kwa povu la sabuni: mapovu yakifura, gesi inavuja. Kiberiti hakitumiki kupimia.

Rangi: hesabu kabla ya duka

Baada ya ukuta kupona, rangi ndiyo inayobadilisha sura ya jiko kwa fedha ndogo zaidi. Mpango unaofaa ni wa mikanda miwili: rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi mita 1.2, ambapo maji na mafuta hurukia, na rangi ya maji kuanzia hapo hadi darini. Ukuta wenye chumvi hautumii mpango huu, hupakwa rangi inayopumua peke yake.

Jiko la mita 3 kwa 2.5, lenye ukuta wa kimo cha mita 2.7, lina mzunguko wa mita 11. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki takriban mita za mraba 26 za kupaka. Mkanda wa chini huchukua 12 na wa juu 14. Kwa mikono miwili ya rangi, eneo huwa 24 chini na 28 juu. Lita moja ya rangi kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12. Jiko zima basi linahitaji lita 3 za rangi ya maji na lita 2 hadi 2.5 za rangi ya mafuta. Galoni moja ya lita 4 hutosha juu na kubakiza ya kurekebishia madoa, na ndoo ya lita 20 haina kazi hapa. Ukuta wa plasta yenye vinyweleo hunywa rangi zaidi, ndiyo sababu hupigwa praima kwanza.

Rangi ya zamani iliyobanduka hukwanguliwa na kusuguliwa kwa msasa uliolowa maji. Rangi za mafuta za miaka mingi iliyopita huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto, hivyo watoto hukaa mbali na vumbi hufutwa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Kuhusu rangi yenyewe, nyeupe ya maziwa, krimu na kijani hafifu hurudisha mwanga katika jiko lenye dirisha dogo.

Kaunta, sinki na sakafu

Kaunta ya zege iliyokwaruzika haihitaji kubomolewa. Hugongwagongwa kwa nyundo na patasi ili ishike, kisha hupigwa niru mpya au kubandikwa marumaru. Viwanda vya marumaru vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vimeifanya bidhaa hiyo ipatikane bila kutegemea mzigo wa meli peke yake. Kwa eneo dogo, mabaki ya toleo lililokwisha mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini dukani. Ukanda wa ukutani nyuma ya sinki na jiko, wenye urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60, ni mita za mraba 1.8 tu. Huongezwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na idadi ya maboksi hupatikana kwa eneo lililoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kubandika, rangi iliyo chini huchokolewa, kwa kuwa marumaru iliyoshikana na rangi huanguka pamoja nayo. Marumaru za zamani zilizo imara zinaweza kubandikwa nyingine juu yake. Hugongwa mojamoja kwa kidole, na inayotoa mlio wa uwazi hung'olewa.

Kimo cha kaunta hupimwa kwa mwili wa mpishi: ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake, na kwa watu wengi hiyo ni kati ya sentimita 85 na 90. Kaunta ya zamani iliyo chini mno huumiza mgongo, na ubao mnene wa kukatia wenye miguu huipandisha kwa gharama ndogo.

Sinki lisilotoboka husuguliwa na kubakizwa. Koki inayovuja hubadilishwa, na chini huwekwa bomba lenye kona inayoshika maji, kwa maana maji yale ndiyo yanayozuia harufu na mende wa chemba kupanda. Maungio ya sinki na ukuta huzibwa kwa silikoni. Mafuta ya kukaangia hayamwagwi sinkini, huganda na kuziba bomba.

Jiko la Dar es Salaam linahitaji pia mahali pa akiba ya maji. Kupungua kwa maji ya Mto Ruvu mwishoni mwa 2022 kulileta mgawo mkali jijini, na mitaa mingi imezoea maji ya zamu. Nafasi ya madumu na ndoo za lita 20 hupangwa tangu mwanzo, chini ya kaunta. Pipa dogo lenye koki likiinuliwa juu ya sinki kwenye stendi ya chuma, maji hutiririka yenyewe hata siku bomba limekauka. Pipa la lita 60 lililojaa lina uzito wa kilo 60 na zaidi, kwa hiyo stendi hufungwa ukutani kwa bolti.

Sakafu ya saruji iliyopasuka huzibwa kwa kupanua ufa, kuusafisha na kuujaza saruji na mchanga laini, halafu hupigwa niru. Ikichanganywa na unga mwekundu wa rangi ya saruji na kung'arishwa kwa nta, hudumu miaka mingi na hufagilika kwa urahisi. Saruji hutengenezwa Wazo, huko huko Kinondoni, tangu 1966, na mfuko mmoja wa kilo 50 hutosha kazi nyingi ndogo za jiko. Kapeti la plastiki ni rahisi zaidi, lakini juu ya sakafu yenye unyevu hufuga ukungu na wadudu.

Makabati na rafu

Kabati hukaguliwa kwa sehemu mbili: boksi lake na milango yake. Boksi likiwa zima, milango peke yake hubadilishwa au kupakwa rangi. Milango hutolewa, huoshwa mafuta, hupigwa msasa, hupakwa praima, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya mafuta. Bawaba na vishikio vipya visivyoshika kutu humaliza kazi. Mafundi seremala wa Keko, wilayani Temeke, hutengeneza milango kwa vipimo vya mteja, na bei hutegemea mbao.

MDF na mbao za unga uliogandamizwa huvimba zikilowa, kwa hiyo hazifai chini ya sinki. Huko hufaa plaiwudi isiyoogopa maji au mbao za msonobari zilizotiwa dawa, kama zile zinazotoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi. Kabati huinuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni kwa matofali ili maji ya kudeki na mchwa wasilifikie. Vichuguu vyembamba vya udongo vikionekana ukutani nyuma yake, mchwa hutibiwa kwanza ndipo kabati lirudishwe.

Mahali ambapo fedha haitoshi kwa milango, pazia la kitenge lililopitishwa kwenye waya chini ya kaunta huficha madumu na sufuria, hupitisha hewa na hufuliwa. Rafu wazi ukutani hufaa vyombo vya kila siku, kwa kuwa vyombo vinavyotumika kila siku havikai na vumbi.

Mwanga na umeme

Jiko la uani hupata mwanga wa bure kwa kubadilisha bati moja na kuweka la plastiki linalopitisha nuru. Usiku, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia wa balbu ya zamani ya wati 60, na uniti za umeme wa LUKU hupungua polepole. Balbu hufungwa juu ya mahali pa kukatia, si nyuma ya mpishi, asikate chakula gizani mwa kivuli chake. Soketi iliyo karibu na sinki huhamishwa, na presha ya umeme au birika havichomekwi kwenye kiendelezi kimoja na friji. Kazi hii hupewa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati.

Mpangaji na mwenye nyumba

Mpangaji hutumia fedha zake kwenye vitu atakavyohama navyo: meza ya kupikia, rafu ya chuma, pipa lenye koki, jiko na mtungi wa gesi. Ukuta, bomba na plasta ni mali ya mwenye nyumba. Mpangaji akitaka kuvitengeneza kwa fedha zake, hukubaliana kwanza kwa maandishi kiasi kitakachokatwa kwenye kodi, na kila upande hubaki na nakala. Katika jiko la pamoja, wapangaji wakichangia chokaa, balbu na kuzibua mtaro, gharama ya kila kaya huwa ndogo sana.

Fundi, fedha na mpangilio wa hatua

Fundi hulipwa kwa siku au kwa kazi nzima. Kwa kazi ndogo inayoeleweka, malipo ya kazi nzima ni salama zaidi: vipimo na bei huandikwa, na fedha hutolewa kwa awamu baada ya kila hatua kukaguliwa. Mwenye kazi hununua vifaa mwenyewe, akiangalia alama ya ubora ya TBS na kutunza risiti. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, hufundisha fani za ujenzi, na VETA hutathmini na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini. Cheti na kazi aliyoifanya mtaani huonyesha uwezo wa fundi kuliko maneno.

Familia nyingi hazina fedha yote kwa mkupuo. Ukarabati hugawika vizuri kwa zamu za mchezo wa upatu au mikopo ya vikundi vya VICOBA, mradi kila hatua iishe yenyewe na jiko liendelee kutumika. Hatua ya kwanza ni mtaro, bati, bomba na matundu ya hewa. Ya pili ni plasta na sakafu. Ya tatu ni umeme na mwanga. Ya nne ni marumaru za nyuma ya sinki na kaunta. Ya tano ni rangi, na ya mwisho ni makabati na mapazia. Fedha ikiishia hatua ya kwanza, jiko bado litaonekana la zamani, lakini litakuwa kavu, lisilo na moshi na salama kwa anayepika. Hatua zinazobaki zinaweza kusubiri msimu mwingine wa kiangazi bila kazi iliyokwisha kuharibika.